Kumtafutia Kaka Chumba Mjini Moshi



Juma hili naomba mniruhusu niandike juu ya jambo ambalo halimo katika masomo ya Dominika, nalo ni vyumba vya hoteli. Najua baadhi yenu mtatabasamu. Lakini kuanzia Novemba hadi Januari hazipiti siku tatu bila mwanaparokia kunisimamisha mlangoni mwa kanisa na kuniuliza, "Padre, wageni wetu wa harusi tuwalaze wapi?" au, "Padre, binti anakuja na wakwe zake kutoka Ulaya, ni hoteli gani ya bei ya kati inayofaa?" Nami kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu kwa kujiamini, nikitaja jina la kwanza linalonijia kichwani. Desemba iliyopita niligundua kwamba nilikuwa nikijibu ovyo, na aliyelipia ugunduzi huo ni kaka yangu. (Msitarajie nianze na nyumba ya wageni ya Bethlehemu. Mahubiri hayo mmekwisha kuyasikia kwangu mara nyingi mno.)

Kaka yangu ni mtoto wa kwanza wa mama yetu. Anaishi Ujerumani tangu miaka ya 1990 pamoja na shemeji yangu, ambaye ni Mhaya na anafanya kazi ya uuguzi. Walikuwa hawajarudi kwa muda wa miaka 8. Safari hii walikuja kwa sababu mama alikuwa ametimiza miaka 80, nasi tulipanga Misa ya shukrani nyumbani Kibosho katika Dominika ya Familia Takatifu. Mwezi wa Oktoba kaka alinipigia simu usiku, akazunguka huku na huko, akauliza habari za kahawa, habari za ng'ombe, hata habari za watu ambao hajawahi kuwapenda, kisha akashusha sauti kama mtu aliyepiga magoti katika kiti cha maungamo: "Padre, nitafutie hoteli mjini. Sitaweza kulala nyumbani."

Sababu ilikuwa hii. Miaka miwili iliyopita madaktari waligundua kwamba akilala pumzi yake husimama, mara nyingi kwa usiku mmoja, bila yeye mwenyewe kujua. Tangu hapo hulala na mashine ndogo iliyo kando ya kitanda, yenye mpira unaoleta hewa hadi kwenye barakoa aliyoifunga puani. Mashine hiyo haina kazi bila umeme. Nyumbani kwetu umeme upo, lakini upepo ukiangusha tawi juu ya nyaya tunaweza kukaa gizani hadi kesho yake. Tena magoti yake yamechoka, na bafu letu liko nyuma ya nyumba, ambako unashuka ngazi za mawe katikati ya migomba, na mvua ikinyesha hata mbuzi huteleza.

Kwa msomaji asiye Mchagga, jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwetu si dogo. Kihamba ni ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa. Ndiko tulikozaliwa na ndiko baba alikozikwa. Kila Desemba mabasi hujaa watu wa mlimani wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na ng'ambo, na hata treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kutoonekana kwa zaidi ya miaka 20, wengi walisema imefufuliwa kwa ajili ya Krismasi ya Wachagga. Watu hawa hawaji kutembea. Wanarudi kulala kwao. Hapo zamani mgeni wa kweli, asiye na kwao, alikuwa mgeni wa Mangi. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 alikuwa mgeni wa Mangi Masaki, na Hans Meyer mwaka 1889 alipokewa Marangu na Mangi Marealle kabla ya kupanda Kibo. Mwenye kihamba chake hakuhitaji kupokewa na mtu.

Nilipomweleza mama, alinyamaza na kuendelea kumenya ndizi. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ana kitanda alichochongewa na baba yake. Leo anakwenda kulipia kitanda cha watu?" Nilijaribu kumweleza habari ya mashine. Akaniuliza kama huko Ulaya watu wamesahau kupumua. Nikaona ni heri nishuke mjini.

Nilikwenda siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo Dominika ya mapadre. Tukumbuke kwanza kwamba neno hoteli kwetu lina mambo mengi. Mtu akikuambia yuko hotelini, huenda anakunywa chai na chapati. Gesti nazo zina sifa zake, ambazo haifai padre aonekane anazifahamu sana. Kati ya gesti za jirani na stendi na zile hoteli kubwa ambazo bei yake humfanya mtu wa kawaida aombe maji ya kunywa, kuna kundi kubwa la nyumba za bei ya kati: chumba cha kujitegemea, chandarua, feni au kiyoyozi, kifungua kinywa ndani ya bei, na mtu wa mapokezi hadi usiku. Wapagazi wa mlimani na makampuni ya utalii wanazijua zote, maana wapandaji wengi hulala humo usiku mmoja kabla ya kwenda Machame au Marangu na usiku mwingine baada ya kushuka.

Mji wenyewe ni mdogo, umekua mwishoni mwa reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911, na hoteli zake zimegawanyika kwa namna ya kueleweka. Zile za katikati, kuzunguka Mnara wa Saa na stendi, ni za ghorofa, ziko karibu na benki, duka la dawa na soko, na kelele zake huanza kabla ya mapambazuko: honi za mabasi, adhana na, niseme ukweli, kengele zetu wenyewe. Mgeni mmoja aliwahi kuniambia kwa adabu nyingi kwamba Wakatoliki wa Moshi wana bidii sana alfajiri. Zile za Shanty Town, mtaa ambao jina lake linamdanganya kila mgeni kwa kuwa ni mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na miti mirefu, ni tulivu zaidi, ila utahitaji gari au bodaboda kwa kila hitaji. Huko ndiko ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini walikojenga hosteli yao ya Uhuru, na katika jambo hili la kulaza wageni nakiri kwamba wametutangulia.

Wengi huniuliza kuhusu Marangu, kwa sababu ya upepo wake na historia yake. Ni kweli, hoteli kongwe za mlima huu ziko huko, Kibo Hotel na Marangu Hotel, na Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alilala Kibo Hotel mwaka 1988. Lakini mlima wetu umekatwa na makorongo kuanzia juu hadi chini, na barabara zake hupanda na kushuka, hazikatizi. Mwenye kulala Marangu na kuwa na sherehe Kibosho itambidi ashuke hadi Himo, aende Moshi kwa barabara kuu, kisha aanze kupanda upya. Nimeona maharusi wakiwangojea wakwe kwa saa mbili kwa sababu hiyo, na kosa halikuwa la wakwe. Aliyewachagulia chumba alitazama picha ya bustani, hakutazama ramani.

Basi nikachagua hoteli ya katikati ya mji, ambayo sitaitaja. Ilikuwa safi. Ilikuwa na lifti, jambo lililonifurahisha nikikumbuka magoti ya kaka. Kijana wa mapokezi alinipandisha hadi paani, akanionyesha upande wa Kibo, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu kama ilivyo kawaida yake mchana. (Msilipe zaidi kwa ajili ya chumba kinachotazama mlima. Mlima huonekana zaidi asubuhi mapema na jioni, na paa ni la wageni wote.) Nikauliza swali langu moja la maana: "Mna jenereta?" Akajibu, "Ipo, Padre. Kubwa." Nikalipa malipo ya awali, nikarudi parokiani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Walifika tarehe 22 Desemba. Usiku wa kwanza ulipita salama. Usiku wa pili, karibu saa 5, umeme ulikatika. Jenereta ikanguruma, mashine ikaendelea, kaka akalala tena. Saa 6 kamili jenereta ikazimwa. Shemeji alishuka kwa tochi ya simu hadi kwa mlinzi, naye akamjibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo amri aliyopewa, mafuta ni ghali, na wageni waliokwisha kulala hawahitaji taa. Funguo alikuwa nazo meneja, na meneja alikuwa kwake. Lifti nayo ilikuwa imesimama. Shemeji akapanda ngazi gizani, akamkuta kaka ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunika blanketi. Walikaa hivyo hadi asubuhi, yeye akisinzia na mkewe akimgusa bega kila kichwa kilipoanguka kifuani. Hawakunipigia simu. Nilipomwuliza kwa nini, kaka alisema, "Una Noeli, Padre. Ungefanya nini?"

Nililipata jambo hili asubuhi ya tarehe 24, nilipowapelekea mtori ambao mama alikuwa ameupika usiku. Mama hakusema ni wa nani. Alinipa sufuria tu, akaniambia nisiumwage garini. Nilimkuta kaka macho yamevimba, anakula kimya. Sijawahi kujisikia mjinga namna hiyo. Niliuliza kama jenereta ipo, sikuuliza huwashwa hadi saa ngapi.

Nani kati yenu amewahi kutafuta chumba Moshi katika Mkesha wa Noeli? Nilikuwa na foleni ya maungamo hadi saa 8 mchana. Baada ya hapo tukaingia garini, na safari hii nilimwachia shemeji kazi ya kuuliza, mimi nikabaki dereva. Njiani alinisimulia kwamba miaka ya nyuma alikwenda na wauguzi wenzake hadi Lhasa, huko Tibet, mji ulio mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Huko, alisema, mgeni mwenye busara hamalizi habari za godoro na kifungua kinywa bila kuuliza kama hoteli ina oksijeni. "Hapa kwenu hewa si tabu," akasema. Moshi haifiki hata mita 1,000. "Hapa tabu ni soketi."

Kote tulikoanzia palijaa. Mahali pa nne palikuwa na chumba, lakini ghorofa ya tatu bila lifti. Mahali pa tano mtu wa mapokezi alitutazama, akasikia kwamba wageni wametoka Ujerumani, akataja bei kwa dola. Shemeji akamkumbusha, kwa Kiswahili cha Bukoba kilichonyooka, kwamba tangu mwaka 2025 serikali imekataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Bei ikageuka shilingi hapo hapo, ila haikupungua. Tukaondoka.

Jua likiwa linatua tulifika kwenye nyumba ndogo huko Shanty Town, yenye vyumba 12, yote ya chini. Mwenye nyumba ni mama mjane, na alikuwa na chumba kimoja kwa sababu kundi la wapandaji lilikuwa limechelewa kushuka mlimani. Nataka mjue shemeji alifanya nini, maana nimeamua kuyafanya yeye mwenyewe aliyoyafanya kila nitakapoombwa ushauri.

Hakutazama kitanda. Alikwenda bafuni, akafungua bomba la maji ya moto, akaweka mkono chini yake, akangoja. Aliuliza kama maji yanachemshwa na jua au na hita ya umeme. Hita za jua juu ya paa ni nzuri na nyumba nyingi Moshi zinazo, lakini maji yake huwa ya moto jioni, na alfajiri ya Juni au Julai wingu likiwa limelala juu ya mji kwa siku mbili, huoga kwa imani tu. Hii ilikuwa na vyote viwili. Kisha akashusha chandarua chote hadi sakafuni. Kilikuwa cha mraba, kimefungwa pembe nne. Alisema vile vya mviringo vinavyoning'inia kutoka ndoano moja, juu ya kitanda kipana, humgusa mlalaji mkononi na mguuni, na mbu hahitaji zaidi ya hapo. Akauliza tangi la maji la akiba lina ukubwa gani. Akafungua dirisha, akanyamaza kidogo, akasikiliza. Palikuwa na mbwa mmoja tu, na mbwa huyo alikuwa mbali.

Ndipo akauliza habari za umeme. Mama yule akasema hana jenereta. Moyo wangu ukashuka. Akasema ana betri na inverta, alizifunga kwa sababu majirani walichoka na moshi wa jenereta. Shemeji akauliza, "Zinashikilia soketi za vyumbani au taa tu?" Akajibiwa, soketi pia, ila si hita wala pasi. "Usiku kucha?" Mama yule hakujibu kwa maneno. Alituambia tulete mashine kutoka garini. Tukaichomeka, ikaanza kupuliza. Akatoka nje mwenyewe, akazima swichi kuu ya nyumba nzima, wageni wengine wakapiga kelele kidogo, akawatuliza. Tukasimama gizani watu wanne tukisikiliza ile mashine ikipumua. Baada ya dakika 20 akaiwasha tena swichi na kusema usiku mmoja wa Novemba betri zilifika hadi asubuhi, friji za jikoni zikiwa zimezimwa, na kwamba kwa ajili ya mgonjwa atazizima tena. Bei ilikuwa shilingi 150,000 kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa, na risiti tukapewa bila kuomba. Nilichelewa kwenda kuandaa pango, na vijana wa kwaya hawajanisamehe hadi leo.

Umeme ulikatika usiku wa Noeli. Kaka hakujua hadi alipoambiwa.

Siku ya Noeli, baada ya Misa, walipanda Kibosho. Nilikuwa na wasiwasi na mama. Alikuwa amewapokea vizuri siku walipofika, lakini kwa ule ukarimu wa kumkaribisha mtu kiti cha sebuleni, nanyi mnajua kwamba mtoto wa nyumbani hakaribishwi sebuleni. Kaka hakuingia ndani moja kwa moja. Alizunguka nyuma, akashika uzio, akashuka zile ngazi za mawe kwa magoti yake mabovu, akakata jani la isale, akalipiga fundo. Wasomaji wa mlimani hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba anayekuja na isale amekuja kuomba radhi, na kwa desturi yetu ni vigumu sana kumkatalia. Alimpa mama kwa mikono miwili. Mama alilipokea, akalitazama, akalichomeka ukutani nyuma ya picha ya baba. Akasema chakula kinapoa.

Kesho yake, tarehe 26, mama aliniita akaniambia nimshushe mjini. "Nikakione hicho kitanda."

Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alipoingia chumbani alibonyeza godoro kwa ngumi, akanusa mto, akafungua bomba, akahesabu taulo, akauliza bei. Nilimtajia. Alifumba macho kidogo kama mtu anayesali, ila sidhani kama alikuwa anasali. Kisha akaiona ile mashine.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, Mama," kaka akajibu.

"Ivae nione."

Kaka alitutazama, mtu mzima wa miaka 60 na kitu, mwenye wajukuu. Akavua viatu, akalala chali, akafunga barakoa, akawasha. Mama akavuta kiti hadi kando ya kitanda, akainamisha sikio kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo na kifua kimetubana. Kaka alikuwa na usiku mwingi wa kufidia. Hazikupita dakika tano, usingizi ukamchukua, na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka bila kukwama.

Binti wa usafi alifika mlangoni na mashuka. Mama akamnyamazisha kwa kidole, akamwuliza kwa kunong'ona yeye ni mtoto wa nani. Binti akamwamkia, akataja ukoo wake wa Uru. Mama akataka kujua bibi yake aliolewa kutoka wapi. Nikatazama saa. Shemeji alikuwa ameketi kibarazani na kitabu, nami nilikuwa na wagonjwa wawili wa kupelekewa Komunyo kabla ya jioni, nikamwambia mama twende.

"Nenda tu, Padre," akasema bila kugeuka. "Mimi nitakaa hapa mpaka aamke."

Nilipopita mapokezi, mwenye nyumba aliniuliza kama bibi naye aandikwe kwenye chumba. Nikamwambia amwandikie chai.